Nani Anakufunga Viatu?

Tulimwacha Mama Mdogo ndani ya kile chumba kidogo cha kurekodia, mlango umefungwa, hedifoni masikioni, sauti ya mtoto ikimwingia kichwani. Nyie mliobishana wiki nzima kuwa ni mtoto gani, nyamazeni sasa.

Alikuwa Kidoti.

Kidoti yule yule anayelala naye kitanda kimoja. Binti wa dada yake, mwenye alama nyeusi juu ya mdomo inayopanda kila anapocheka.

Lakini humo kwenye hedifoni hakuwa anacheka.

"Sungura," alikuwa akisema, polepole, kama mtu anayeongea akiwa chini ya shuka. "Mama hajasafiri. Yuko hospitali. Mama Mdogo kasema nisimwambie Shangazi. Na wewe usiseme, sawa?"

Ikasikika pumzi ya mtoto anayesubiri kujibiwa.

"Umemsikia?" Fundi Mitambo aliuliza kutoka upande wa pili wa kioo, kidole kikiwa juu ya vitufe vyake. "Haya, mjibu. Uwe mpole, uwe na huzuni kidogo, mwishoni uchangamke. Rudia baada yangu."

Ndivyo walivyofanya kazi wawili hao. Karatasi ilikatazwa ndani ya chumba, maana kipaza sauti kilinasa hata mkwaruzo wa ukurasa. Kwa hiyo Fundi alisoma maneno, na Mama Mdogo akayarudia kwa ile sauti nyembamba ya Sungura, yule wa kwenye mchezo wa watoto. Kabla ya kila jibu alichezewa sauti ya mtoto ili ajue amjibu vipi. Tangu aanze kazi aliambiwa hao ni watoto wa kuigiza, na wazazi wao wamekaa nje ya ofisi wakinywa soda.

"Pole, rafiki yangu," Fundi alisoma kama mtu anayetaja bei ya misumari. "Nyumba bila mama ina giza. Lakini ipo Taa ya Sungura, inawaka mpaka mama arudi. Mwambie mtu mzima akununulie leo."

Mama Mdogo akafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

"Vipi, koo?"

"Koo."

"Kunywa maji."

Akanywa. Akapiga moyo konde. Alijua kabisa kwamba akionyesha dalili yoyote atatolewa humo ndani kabla hajajua lolote. Akasema maneno yote, tangu 'pole' mpaka 'leo', bila kutetereka.

"We mama, unatisha!" Fundi alipiga makofi. "Hadi nimesikia machozi ndani yake!"

Machozi yalikuwepo. Ila hakujua yalikuwa ya nani.

*

"Yule mtoto anajua kuigiza," Mama Mdogo alisema akivua hedifoni, akijifanya anakunja waya. "Wazazi wake wako hapo nje?"

Fundi akamtazama. Halafu akautazama mlango.

"Nani kakwambia anaigiza?"

"Si mlisema..."

"Nilisema mimi?"

"Basi ni nani? Sauti zao zinatoka wapi?"

"Dada, we soma ulipwe. Mengine yataku..."

Hakumaliza. Mlango ulifunguka, na ndani yakaingia meno kwanza, mwenyewe baadaye. Huyu ndiye bosi wao, aliyeitwa Bi Tabasamu kwa sababu meno yake hayakuwahi kupumzika. Wafanyakazi walisema hata akimfukuza mtu kazi, mtu huyo hufika getini akidhani amepandishwa cheo.

"Kazi nzuri leo," alisema. "Lakini nasikia kuna maswali."

Amesikia wapi? Chumba kile hakipitishi sauti. Mama Mdogo akakitazama kipaza sauti. Taa yake nyekundu ilikuwa bado inawaka.

"Nilikuwa nasifia tu yule mtoto, Bi mkubwa."

"Hao ni watoto wenye huzuni. Tunawafariji. Kuna ubaya?"

"Hakuna."

"Na kila sauti inayoingia humu, mzazi wake amebonyeza 'nakubali'. Kila moja. Tena tunamtumia huyo mzazi muhtasari wa wiki kwenye simu yake, maneno matamu ya mwanawe, alichoulizwa na alichojibu. Wa wiki hii unatoka leo mchana." Alimsogelea, akamwekea mkono begani. "Wewe nyumbani una mtoto?"

"Sijazaa."

Hakusema uongo. Hakusema kweli pia.

"Vizuri. Maana unakumbuka mkataba. Sauti ya Sungura haisikiki nje ya jengo hili. Hata kwa utani. Hata kwa kumbembeleza mtoto wa jirani."

Alitabasamu. Akaondoka. Harufu ya manukato yake ikabaki imesimama pale kama mlinzi.

*

Wasomaji wapya, niwaambie kwa ufupi kwa nini Mama Mdogo alikuwa anashuka ngazi mbio.

Baba yake Kidoti alipofariki, familia ilikaa kikao. Shangazi mtu, dada wa marehemu, mwanamke mwenye sauti ya kusimamisha gari, alisema mbele ya wote: "Mama yake akishindwa, mtoto ana kwao." Mama Kidoti na mdogo wake waliangaliana, na tangu siku hiyo kila mmoja alijua mwenzake anaogopa nini.

Kisha Mama Kidoti akaugua, akalazwa. Wakakubaliana, yeye na Mama Mdogo na ndugu yao wa kiume, yule anayeitwa Mjomba: atakayeuliza ataambiwa kasafiri kikazi. Hasa Shangazi. Akijua, kesho yuko mlangoni na begi la nguo za mtoto.

Sasa kuna mzazi aliyebonyeza 'nakubali', na mchana huu anatumiwa sauti ya Kidoti ikisema yote.

Mzazi gani? Baba yuko kaburini. Mama yuko wodini na simu yake iko kabatini, imezimwa. Mama Mdogo hakubonyeza.

Amebaki mmoja.

"Mjomba!" alisema kwenye simu, akiwa amejibanza chini ya ngazi. "Umebonyeza nini kwenye tableti ya Kidoti?"

"Mimi? Hata kuiwasha naogopa, nisije nikaivunja mkaniuza."

"Umemwaga mtama, Mjomba! Mtoto anarekodiwa!"

"Anarekodiwa na nani? Yuko chumbani anaongea na sungura wake. Mimi niko jikoni naosha sufuria uliyoiunguza wewe jana."

"Usinitanie!"

"Nani anatania? Sufuria imeungua!" Kisha Mjomba akapunguza sauti. "Hebu subiri, dada. Hiyo tableti kaileta nani?"

Mama Mdogo akakumbuka.

Siku ya kuzaliwa ya Kidoti. Boksi lenye utepe. Shangazi amekaa kwenye kochi, miwani puani, anaiwasha mwenyewe, anabonyeza mwenyewe, anaandika namba ya simu yake mwenyewe, akisema, "Acheni, mimi najua mambo haya."

Muhtasari unakwenda kwa Shangazi!

*

"Ni mwanao?"

Aligeuka. Fundi Mitambo alikuwa amesimama ngazi ya juu yake, mikono mifukoni.

"Nani?"

"Yule wa hospitali. Ulivyokwama, hukukwama kwa koo."

"Sina mtoto."

"Sawa. Basi nakuambia kitu kisichokuhusu." Akashuka, akasogea. "Muhtasari huchukua sauti moja tu, ile ambayo mashine imeona ina hisia kuliko zote. Mtoto akisema jingine lenye hisia zaidi kabla haujatoka, hilo ndilo linakwenda. Hili la hospitali linabaki huku."

"Na huku linabaki kwa nani?"

Fundi akaelekeza kidevu juu, kwa Bi Tabasamu.

"Kwa nini unaniambia?" Mama Mdogo alimkazia macho. Kwa alivyojua, huyu huyu ndiye aliyeacha taa nyekundu ikiwaka.

"Nina mtoto."

"Anacheza na Sungura?"

Fundi akacheka, cheko fupi lisilo na furaha. "Kwangu? Hicho kitu hakivuki kizingiti."

Mama Mdogo hakungoja kusikia zaidi. Alitoka mbio. Njiani kila aliyemtazama alimwona mpelelezi. Mwanamke aliyeinua simu kujipiga picha alimfanya ahame njia. Hata tangazo kubwa la sabuni ukutani, lenye mtoto anayecheka, alilipita ubavuubavu.

Na kichwani kitu kimoja kilimtafuna. Sauti ile ya Sungura aliianzia wapi? Hakuianzia studio. Aliianzia jikoni kwao, Kidoti akiwa bado hana meno ya kutosha, anakataa kula. Akashika kijiko, akabana pua, akasema, "Mimi Sungura, naomba mlango." Mdomo ukafunguka. Siku zote ulifunguka kwa sauti hiyo. Walipotangaza kwamba wanatafuta sauti ya kupendwa na watoto, alikwenda nayo, akaiuza.

Ndiyo maana Kidoti alimwamini sungura wa kwenye kioo. Mtu wa kwanza kumfungulia mdomo alikuwa yeye.

*

Mjomba alimfungulia mlango akiwa na povu mpaka viwikoni. Mama Mdogo akaweka kidole mdomoni, akavua viatu, akanyata.

Kidoti alikuwa amekaa kitandani na tableti mapajani, mgongo kwa pazia linalogawa chumba. Mama Mdogo akasimama nyuma ya pazia. Alijua anachotaka kufanya. Alijua pia kinafanana na nini. Akabana pua.

"Kidoti, rafiki yangu!"

Mtoto akaruka, akaiinamia tableti. "Sungura! Umelijua jina langu? Siku zote unaniita rafiki tu!"

Mama Mdogo akajilaumu. Mkataba ulikuwa umevunjika, na kosa la pili lilikuwa limeshafanyika.

"Leo nimelijua. Haya, niambie jambo la kuchekesha. Mjomba kaunguza nini?"

"Hajaunguza. Mama Mdogo ndiye aliyeunguza."

"Cheka basi, rafiki. Cheka kwa nguvu."

"Sitaki kucheka."

Muda ulikuwa unakwenda.

"Basi sema hivi. Sema kwa sauti kubwa, kwa furaha kabisa: mama yangu amesafiri, ataniletea zawadi! Sema, rafiki."

Pazia lilikuwa jepesi, na kupitia humo Mama Mdogo aliona mabega ya Kidoti yakishuka.

"Hata wewe, Sungura?" mtoto alisema. "Hata wewe unataka niseme uongo kama Mama Mdogo?"

Nyuma ya pazia, Mama Mdogo akaachia pua.

Tableti ikatoa mlio mdogo wa kengele, kisha sauti nyembamba, tamu, yenye machozi ndani yake:

"Pole, rafiki yangu. Nyumba bila mama ina giza. Lakini ipo Taa ya Sungura, inawaka mpaka mama arudi. Mwambie mtu mzima akununulie leo!"

Kazi ya asubuhi ilikuwa imeshafika.

Kidoti akaitazama tableti. Kisha akageuza shingo, taratibu, akalitazama pazia. Sungura wawili, sauti moja. Akateremka kitandani, akatembea, akalivuta.

Walitazamana.

"Wewe ndiye Sungura?"

"Kidoti, sikiliza..."

"Nilikuwa nakwambia wewe?"

"Hapana, mama. Sauti ni yangu, lakini siye mimi. Mimi nasema tu maneno, halafu wanayapeleka..."

"Nilimwambia Sungura unalia jikoni ukifungua bomba ili tusisikie. Ulijua?"

Mama Mdogo akahisi uso wote unawaka moto. "Sikujua."

"Basi kama si wewe," Kidoti aliuliza, na alama yake juu ya mdomo haikupanda wala kushuka, "nani alikuwa anasikiliza?"

*

"Hilo hata mimi nimekuja kuuliza!"

Ile sauti ya kusimamisha gari. Shangazi alikuwa amejaa mlangoni, mkoba begani, kilemba kimekwenda upande kwa haraka. Nyuma yake Mjomba alitikisa kichwa na mikono yake ya povu, kuonyesha kwamba alijaribu kumzuia.

Mama Mdogo akaona maji yamemfika shingoni. Afadhali aseme mwenyewe.

"Shangazi, kuhusu hospitali, tulitaka..."

"Hospitali?" Shangazi alimkata. "Hospitali naijua mlango kwa mlango. Leo asubuhi nimetoka kumsuka mgonjwa nywele. Alinipigia mwenyewe siku aliyolazwa. Aliniambia, usiwaambie hao wawili kwamba unajua, wanajiona wananilinda nisichukuliwe mtoto, waache wapumue. Nikanyamaza. Nilikuwa nawasubiri muwe watu wazima."

Mjomba alikaa chini palepale kwenye kizingiti, kama mtu aliyekatwa kamba.

"Sikuja kwa ajili ya hospitali," Shangazi aliendelea, akitoa simu mkobani. "Nimekuja kwa ajili ya huyu. Wamenitumia wenyewe, wameandika eti maneno matamu ya mwanao. Sikilizeni utamu."

Akabonyeza.

"Nani anakufunga viatu, rafiki?" sauti ya Sungura ilijaa chumbani.

"Mama Mdogo," ikajibu sauti ya Kidoti.

"Na nani ananunua vitu nyumbani kwenu?"

"Mama Mdogo."

"Akifurahi hufanyaje?"

"Ananibeba."

"Basi mwombe akiwa amekubeba."

Kumbe mashine haikuchagua la hospitali; ilichagua hili. Shangazi akazima. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, aliongea chini chini.

"Nimekuja mbio. Nilisema kuna mtu mzima amejificha humo ndani, anamchunguza mtoto wetu kama mwizi anavyochunguza dirisha. Nilitaka nimchukue Kidoti siku chache, na wewe uje, na huyu wa povu aje, tukae wote kwangu mpaka tujue ni nani." Alimtazama Mama Mdogo kuanzia miguu isiyo na viatu hadi machoni. "Nimesimama hapo mlangoni tangu ulipomwambia acheke. Kumbe mwizi ana funguo."

"Sikujua yanakwenda wapi! Niliambiwa ni watoto wa kuigiza!"

"Hukuuliza?"

"Na wewe uliuliza?" Mama Mdogo akapandisha. "Nani aliyebonyeza 'nakubali'? Si wewe, na miwani yako, pale kwenye kochi?"

"Nilibonyeza," Shangazi alisema, "nikidhani namkubalia sungura."

Hakuna aliyecheka. Mjomba alitaka, akaghairi.

Hapo ndipo wote watatu walipogundua kwamba Kidoti hayupo katikati yao. Alikuwa amepiga magoti, nusu ya mwili iko chini ya kitanda. Akatoka na kiatu kimoja. Akarudi, akatoka na cha pili. Akaipita miguu ya Mama Mdogo, akaenda kusimama mbele ya Shangazi.

"Nifunge."

Shangazi akasita. Alimtazama Mama Mdogo, na kwa mara ya kwanza yule mwanamke asiyeogopa kikao chochote alionekana anaomba ruhusa. Kisha akainama, akashika kamba.

"Kidoti," Mama Mdogo aliita, kwa sauti yake mwenyewe, ile nzito kidogo ya kila siku. "Kidoti, mama, njoo nikufunge mimi."

"Usiongee," mtoto alisema bila kuinua uso. "Sijui ni nani anaongea."

Fundo la kwanza. Fundo la pili, lililokaa vibaya, maana Shangazi hakuwa amezoea. Kidoti akamshika mkono. Tableti ilibaki kitandani, kioo juu, hakuna anayeigusa.

Mkimkumbuka Mama Mdogo wiki yake ya kwanza kazini, mtakumbuka kuna maneno alirudishwa kuyarudia mpaka yatoke na kilio, yale yanayosikika yenyewe mtoto akiacha kucheza. Siku ile aliyacheka njia nzima akirudi nyumbani.

Kidoti alipofika mlangoni, yakasikika.

"Usiondoke, rafiki. Ukiondoka nitalia."

Shangazi akageuka kuitazama tableti. Mjomba akageuka kumtazama dada yake, aliyekuwa amesimama mdomo wazi, machozi yakimtiririka.

Kidoti hakugeuka kuangalia ni yupi kati yao aliyesema. Aliunyoosha mkono, akafungua mlango.

Na nje ya mlango, mkono ukiwa umeshainuliwa tayari kubisha, alikuwa amesimama Bi Tabasamu. Kwa mara ya kwanza, meno yake hayakuonekana.